HESABU YA BOMU HAIJALIPWA

Haya ni maneno ya mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyachapa yote kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.



Tumeombwa tuseme leo juu ya bomu la nyuklia na juu ya watu walioumizwa na mionzi yake. Twajua kuwa wako ndugu waliokuja hapa na shaka moyoni. Wanasema: “Sisi twataka bei nzuri ya korosho na pamba, twataka maji na zahanati. Bomu hatuna, wala hatulitaki. Mambo ya wakubwa na mabomu yao yatuhusu nini?”

Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikimbia. Tutalijibu kwa kueleza mambo matatu: bomu hilo udongo wake ulichimbwa wapi, lilijaribiwa juu ya vichwa vya nani, na ni nani ambaye mpaka leo hajalipa. Mkiisha kuyasikia hayo, mtapima wenyewe kama yanatuhusu au hayatuhusu.

UDONGO WA KATANGA

Watu wengi hudhani kuwa bomu la kwanza lilikuwa jambo la Marekani na Japani tu. Sivyo. Katika Kongo, jimbo la Katanga, karibu na mji wa Likasi ambao Wabelgiji waliuita Jadotville, kuna mahali panapoitwa Shinkolobwe. Wenyeji wa huko wanasema Kiswahili kama sisi. Chini ya ardhi ya Shinkolobwe palikuwa na mawe ya urani yenye nguvu kuliko yote yaliyojulikana duniani wakati huo. Katika nchi nyingine, jiwe lenye hata sehemu moja ya urani katika mia huhesabiwa kuwa jiwe zuri. Mawe ya Shinkolobwe mengine yalikuwa na sehemu zaidi ya sitini katika mia.

Machimbo hayo yalikuwa mali ya kampuni ya Wabelgiji, Union Minière. Mwaka 1940, mkuu wa kampuni hiyo, Bwana Edgar Sengier, alipeleka New York kwa meli tani zaidi ya 1,000 za mawe hayo ili yasiangukie mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua, kisha likataka mengine zaidi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ilitoka hapo Shinkolobwe.

Mzungu aliuza, Mzungu akanunua. Mwafrika aliyeshika sururu na kubeba gunia hakuambiwa jiwe lile laenda wapi wala litafanya nini. Hakuulizwa. Nchi ilikuwa yake, mikono ilikuwa yake, mapafu yaliyovuta vumbi lile yalikuwa yake. Lakini shauri halikuwa lake.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima, na tarehe 9 Agosti jingine juu ya Nagasaki. Kufika mwisho wa mwaka ule, watu wapatao 140,000 wa Hiroshima na wapatao 70,000 wa Nagasaki walikuwa wamekufa. Miongoni mwao walikuwamo Wakorea kwa maelfu, watu waliokuwa chini ya ukoloni wa Japani na ambao wengi wao walipelekwa huko kufanya kazi za kulazimishwa. Basi tazameni, ndugu zetu: tangu siku ya kwanza ya bomu hilo, mtu aliyetawaliwa alikuwako pande zote mbili. Mmoja alichimba jiwe, mwingine aliunguzwa nalo, na hakuna hata mmoja wao aliyetoa amri.

WENZETU WA BARAZA LA UDHAMINI

Vita viliisha, lakini mabomu hayakuisha. Tangu mwaka 1945 yamelipuliwa zaidi ya mabomu 2,000 kwa majaribio. Yalijaribiwa wapi? Hayakujaribiwa karibu na London wala karibu na Paris. Yalijaribiwa mahali ambapo watu wake hawakuwa na sauti.

Wazee wetu wanakumbuka Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Mwingereza, na mwezi wa Machi 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda New York kusema mbele ya Baraza hilo kwa niaba ya TANU. Lakini si wengi wanaojua kuwa katika Baraza hilo hilo tulikuwa na wenzetu wenye kilio kikubwa kuliko chetu. Nao ni watu wa Visiwa vya Marshall, katika bahari ya Pasifiki, waliokuwa chini ya udhamini wa Marekani.

Mwaka 1946 watu 167 wa kisiwa cha Bikini waliombwa wahame kwa muda ili bomu lijaribiwe, nao wakaambiwa kuwa ni kwa faida ya wanadamu wote. Wakahama. Kutoka mwaka huo hadi 1958 Marekani ililipua mabomu 67 katika visiwa hivyo. Lililo kubwa kuliko yote lililipuliwa Bikini tarehe 1 Machi 1954, na nguvu yake ilikuwa kama mara elfu moja ya lile la Hiroshima. Upepo ulichukua vumbi lake mpaka kisiwa cha Rongelap. Vumbi likaanguka kama unga mweupe, watoto wakalichezea. Kabla ya usiku watu walianza kutapika na ngozi zao kuwaka. Walikuja kuondolewa baada ya siku mbili.

Mwezi uliofuata, watu wa visiwa hivyo waliandika barua kwa Umoja wa Mataifa. Hawakutukana mtu. Walieleza kuwa ardhi kwao ni uhai wenyewe, na wakaomba majaribio yakomeshwe. Baraza la Udhamini lilitoa shauri lake mwezi wa Julai 1954, mwezi ule ule TANU ilipozaliwa. Shauri lenyewe lilikuwa nini? Halikuwa kukomesha. Lilikuwa kwamba, kama majaribio yataendelea, basi hadhari zichukuliwe. Yakaendelea miaka minne zaidi.

Sisi tulikwenda kwenye Baraza lile kudai Uhuru, tukaupata mwaka 1961. Wao walikwenda kudai tu wasinyunyiziwe sumu, wakanyimwa. Je, twaweza kusema leo kuwa hao si ndugu zetu?

WALISEMA JANGWA NI TUPU

Sasa turudi katika bara letu. Tarehe 13 Februari 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata Uhuru, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza karibu na Reggane, katika jangwa la Sahara, nchini Aljeria. Nguvu yake ilikuwa zaidi ya mara nne ya lile la Hiroshima. Likafuata la pili, la tatu na la nne, yote hewani. Kisha wakaenda In Ekker, wakalipua mengine 13 ndani ya mlima, mpaka mwaka 1966. Jumla ni mabomu 17 katika ardhi ya Afrika.

Walisema jangwa ni tupu. Lakini Reggane kuna mitende, na penye mitende pana watu. Pande za In Ekker ni malisho ya Watuareg na ngamia wao. Tupu maana yake nini basi? Maana yake ni kwamba waliokuwako hawakuhesabiwa kuwa watu.

Tarehe 1 Mei 1962 bomu la In Ekker halikukaa ndani ya mlima. Mlima ulipasuka, wingu la sumu likatoka nje. Mawaziri wawili wa Ufaransa waliokuja kutazama walikimbia pamoja na askari wao. Hao walikuwa na magari, nao walioshwa na kupimwa. Mchungaji aliyekuwa upande ulikoelekea upepo alikuwa na nini?

Wako watakaouliza: mbona majaribio yaliendelea hata baada ya Aljeria kupata Uhuru Julai 1962? Jibu ni kwamba katika mapatano ya Evian ya mwezi wa Machi mwaka huo, Ufaransa ilishikilia kutumia viwanja hivyo kwa miaka mitano zaidi. Watu waliotoka vitani karibu miaka minane, wenye maiti wengi nyuma yao, walitia sahihi ili vita viishe. Hiyo ndiyo hali ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu: hata siku ya kupewa nyumba yake, mwenye kuiacha hubaki na ufunguo wa chumba kimoja.

Waafrika hawakunyamaza. Mwezi wa Desemba 1959, kabla ya bomu la kwanza, kundi la watu wa Ghana, Nijeria, Uingereza, Marekani na nchi nyingine liliondoka Accra kwa magari kwenda Sahara, wakasimame mahali pa bomu kwa miili yao. Walizuiwa katika nchi ya Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso. Mmoja wao, Bill Sutherland, baadaye aliishi miaka mingi hapa Dar es Salaam. Bomu lilipolipuka, Ghana ilizuia mali za Wafaransa nchini mwake, na Moroko ikamwita balozi wake arudi kutoka Paris. Baada ya bomu la tatu, Nijeria, iliyokuwa na Uhuru wa miezi michache tu, ilivunja ubalozi na Ufaransa mwezi wa Januari 1961. Mwezi wa Julai 1964, wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Cairo walitangaza kuwa bara hili lisiwe na silaha za nyuklia.

SUMU ISIYOONEKANA

Yafaa tueleze kidogo mionzi hiyo hufanya kazi vipi, maana adui asiyeonekana ni rahisi kukanwa.

Bomu likilipuka hutoa vumbi lenye chembe zinazotoa mionzi. Huwezi kuzinusa wala kuzionja. Moja ni iodini. Huanguka juu ya majani. Mbuzi hula majani. Mtoto hunywa maziwa. Nayo iodini hukusanyika katika tezi ya shingo ya mtoto. Nguvu yake huisha upesi, baada ya majuma machache, lakini ugonjwa iliouanzisha huweza kutokea baada ya miaka kumi au ishirini. Nyingine ni strontiamu. Mwili hudhani kuwa ni chokaa ya mifupa, huipokea na kuiweka ndani ya mfupa. Hiyo hupungua nusu yake kila baada ya miaka karibu 30. Ya tatu ni plutoniamu. Hiyo kupungua nusu tu ni miaka 24,000. Hakuna ukoo duniani wenye kuweza kungoja hivyo.

Watoto wa Rongelap wengi walipata uvimbe wa tezi hiyo. Mmoja aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja siku ya vumbi jeupe alikufa kwa saratani ya damu mwaka 1972. Watu hao walikuwa wamerudishwa kisiwani mwaka 1957, wakaambiwa kuwa kuna usalama. Waliishi hapo mpaka mwaka 1985, wakaamua wenyewe kuhama, kwa kuwa hawakuiamini tena kauli ya mtu yule yule aliyewaunguza.

Hapo ndipo penye fundo la haki. Saratani haina chapa. Haiandikwi “mimi nimetoka Bikini” au “mimi nimetoka Reggane.” Mgonjwa akienda kudai, huambiwa alete ushahidi: alikuwa wapi siku ile, alipata kipimo gani cha mionzi, na ugonjwa wake haukutoka kwingine kwa njia gani. Lakini vipimo vilichukuliwa na nani? Na mtenda. Daftari linakaa kwa nani? Kwa mtenda. Ramani ya mahali walipofukia magari, nyaya na vyuma vyenye sumu iko kwa nani? Kwa mtenda. Basi mdai aambiwa akamwombe mdaiwa ushahidi wa kumshitaki. Wazee walisema vizuri: kesi ya nyani, hakimu ni ngedere.

NANI AMELIPWA?

Ufaransa ilitunga sheria ya fidia kwa walioumizwa na majaribio yake mwezi wa Januari 2010, yaani miaka 50 baada ya Reggane. Waaljeria waliopata fidia kwa sheria hiyo ni wachache mno. Sheria yataka mtu aonyeshe kuwa alikaa mahali fulani katika tarehe fulani. Mtu wa kuhamahama na ngamia wake atatoa hati gani? Aljeria imeendelea kudai ipewe ramani za mahali takataka hizo zilipofukiwa, na viwanja visafishwe. Dai hilo ni dogo: kuonyeshwa sumu ilipo katika nchi yako mwenyewe.

Katika Visiwa vya Marshall iliundwa mahakama ya madai mwaka 1988. Mahakama hiyo ilipima madhara, ikaamua watu walipwe zaidi ya dola bilioni mbili. Lakini mfuko uliowekwa na Marekani ulikuwa wa dola milioni 150, nao ukaisha. Ni sawa na mtu kuhukumiwa alipe ng'ombe mia moja, akatoa saba, kisha akafunga zizi na kusema shauri limekwisha. Watu wa Bikini walikwenda mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani. Mwaka 2010 mahakama hiyo ilikataa kuwasikiliza.

Msidhani kuwa wenye bomu huwahurumia hata watu wao wenyewe. Bomu la kwanza kabisa lilijaribiwa tarehe 16 Julai 1945 katika jimbo la New Mexico, Marekani. Wakulima na wafugaji walioishi jirani hawakuonywa. Sheria ya fidia ya mwaka 1990 iliwaacha nje. Walidai, wakazika wazee wao, wakadai tena; na mwezi wa Julai 2025 ndipo walipoingizwa katika sheria. Miaka 80! Hilo latufundisha mambo mawili: kwamba mwenye bomu halipi mpaka adaiwe, na kwamba akidaiwa bila kuchoka, hulipa.

Sasa twafika kwenye neno lenyewe tulilotaka kuwaambieni leo. Wako watu wema wanaosema: “Kwanza tuyaondoe mabomu, kisha tutazame habari za wagonjwa.” Sisi twasema sivyo. Madai hayo mawili ni moja. Bomu laonekana rahisi kwa wenye nalo kwa sababu hesabu yake haijalipwa. Bei yake ililipwa na mtoto wa Rongelap, na mchungaji wa In Ekker, na mchimbaji wa Shinkolobwe. Siku mtenda atakapolazimishwa kufungua daftari lake, kusafisha kila kisima na kumtibu kila mgonjwa, ndipo raia wake mwenyewe watakapouliza: je, kitu hiki chafaa kununuliwa kwa bei hii? Anayedai haki ya mgonjwa anavunja bomu. Na anayedai bomu livunjwe huku amemsahau mgonjwa, amemwachia mwenye bomu faida.

“BOMU LIMELETA AMANI”

Wenye mabomu wana jibu lao. Leo ni nchi tisa, zenye vichwa vya nyuklia zaidi ya 12,000. Wanasema: “Bomu ndilo lililozuia vita vikuu. Tukiliacha, vita vitarudi.”

Twauliza: amani ya nani? Tangu 1945 watu wamekufa kwa mamilioni katika Korea, Vietnam, Aljeria, Angola, Msumbiji na Kongo. Bomu halikuzuia vita hivyo. Liliwafanya wakubwa waviendeshe katika nyumba za watu wengine. Na hao wa Marshall na Sahara waliunguzwa pasipo vita. Waliunguzwa na maandalizi tu. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu ni mchungu.

Tena iko nchi iliyowahi kuwa na bomu ikaliacha, nayo iko hapa Afrika. Makaburu wa Afrika Kusini walitengeneza mabomu sita kwa siri. Yakavunjwa, na mwezi wa Machi 1993 Bwana de Klerk akalitangazia Bunge lake. Afrika Kusini haikuangamia kwa kukosa bomu. Mwaka uliofuata ilipiga kura ya watu wote. Na Mkataba wa Afrika wa kukataza silaha hizo, uliotiwa sahihi Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuanza kazi tarehe 15 Julai 2009, umepewa jina la Pelindaba, mahali pale pale palipokuwa na kazi ya nyuklia ya Makaburu.

Wananchi wa Kazakhstan nao wametufundisha. Katika uwanja wa Semipalatinsk, Urusi ya Kisovieti ililipua mabomu 456. Mwaka 1989 mshairi Olzhas Suleimenov aliwaita watu, wakatoka kwa maelfu. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na mikutano, sahihi na wagonjwa wao. Tarehe 29 Agosti 1991 uwanja ulifungwa.

MKATABA WA SABA SABA

Tarehe 7 Julai 2017, siku yetu ya Saba Saba, nchi 122 zilipiga kura katika Umoja wa Mataifa kuukubali Mkataba wa Kukataza Silaha za Nyuklia. Ulianza kuwa sheria kwa nchi zilizouridhia tarehe 22 Januari 2021. Mkataba huu, tofauti na mingi iliyotangulia, haukusahau wagonjwa. Kifungu cha 6 chataka waathirika watibiwe na kusaidiwa pasipo ubaguzi, na ardhi iliyotiwa sumu isafishwe. Kifungu cha 7 chataka nchi zisaidiane katika kazi hiyo, na chataja wajibu wa yule aliyetumia au kujaribu bomu. Kongo, nchi ya Shinkolobwe, iliuridhia mwaka 2022. Nchi yetu iliutia sahihi mwezi wa Septemba 2019.

Mwaka 2023, Kazakhstan na Kiribati zilipeleka Umoja wa Mataifa azimio la kutaka madhara ya mabomu hayo yashughulikiwe. Nchi nyingi mno ziliunga mkono. Miongoni mwa chache zilizopinga zilikuwa Ufaransa, Uingereza na Urusi. Wote watatu walijaribu mabomu katika ardhi za watu waliokuwa chini yao: Sahara, Australia, Kazakhstan. Mwenye deni huonekana kwa jinsi anavyochukia kusikia neno deni.

KAZI YETU

Ndugu wanachama, mazungumzo yasiyoleta kazi ni kelele. Tutaje basi kazi zilizo mbele yetu.

Kwanza, sahihi peke yake haitoshi. Kila tawi limwulize Mbunge wake, kwa barua na kwa mdomo, shauri la kuuridhia Mkataba wa 2017 limefika wapi, na limdai asimame Bungeni aseme. Mbunge ni mtumishi wetu, tumpe kazi.

Pili, tuseme pamoja na Aljeria na watu wa Visiwa vya Marshall. Madai yetu kwa wenye mabomu ni haya: toeni ramani, fungueni daftari, na mtu aliyekaa mahali pa sumu akapata ugonjwa wa mionzi ahesabiwe kuwa ameumizwa na bomu mpaka ninyi mthibitishe vingine. Mzigo wa ushahidi umwelemee mtenda.

Tatu, tujitazame wenyewe. Urani iko chini ya ardhi yetu pia, penye Mto Mkuju, Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma. Hatusemi madini yasichimbwe. Hilo ni shauri la wananchi na serikali yao. Twasema isiwe Shinkolobwe ya pili. Shinkolobwe ilifungwa na Wabelgiji kabla ya Uhuru wa 1960, lakini umaskini uliwarudisha watu kuchimba kwa mikono. Mwezi wa Julai 2004 udongo uliporomoka ukaua watu wasiopungua wanane. Basi maji ya visima na mito yapimwe kabla ya kazi kuanza, na kila mwaka baada yake, na majibu yabandikwe katika ofisi ya kijiji kwa Kiswahili. Kila mfanyakazi avae kipimo cha mionzi, na nakala ya hesabu yake aishike mkononi mwake, si kampuni peke yake. Kwa nini? Kwa sababu tumeona mtu asiye na daftari anavyohangaishwa miaka 50. Tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki. Ni chombo chetu, tukitumie na tukiulize. Na urani yetu isiuzwe kwa mtu atakayeitia katika bomu.

Nne, tufundishane. Tarehe 13 Februari ni siku ya Reggane, tarehe 1 Machi ni siku ya Bikini, tarehe 6 Agosti ni siku ya Hiroshima, tarehe 29 Agosti ni siku ya Umoja wa Mataifa ya kupinga majaribio. Walimu waliomo humu wazitaje siku hizo darasani. Vikundi vya vijana na vya kina mama vizizungumze. Mtoto wetu ajue Shinkolobwe iko wapi kama ajuavyo Hiroshima.

Wazee wa Hiroshima na Nagasaki waliounda chama chao mwaka 1956 walipewa Nishani ya Nobeli ya Amani mwaka 2024. Walisema neno moja kwa miaka 68, wengi wao wakiwa na miili ya maumivu, mpaka dunia ikawasikia. Waliobaki ni wakongwe sana. Mtuareg aliyekuwa mtoto mwaka 1960 leo naye ni mzee. Tukingoja, mashahidi watakwisha, na aliyewaumiza atasema: hakuna aliyelalamika.

Ndugu yetu aliyeuliza yatuhusu nini, sasa anayo majibu. Jiwe lilichimbwa na mtu asemaye lugha yetu. Bomu lililipuliwa katika bara letu. Walioomba msaada wetu walikaa nasi katika Baraza moja. Na urani nyingine iko chini ya miguu yetu, yangoja. Aliyepata Uhuru akamsahau mwenzake aliyenyimwa, Uhuru wake ni nusu.

Uhuru na Umoja.